Kalafati ya Khanga

Watu wa Kasingirima walicheka mpaka mbavu zikauma fundi Oswald alipolichukua ghala bovu la dagaa, lile ambalo ziwa lilipopanda lililifikia madirishani, akasema atalifanya nyumba ya wajawazito kungojea siku zao. Hakukata mti hata mmoja. Matofali hakuyachoma, aliyakausha juani ili kuni zisiteketee bure. Halafu, jamani, paa! Alikusanya mitumbwi chakavu ya ufuko mzima akaipindua juu ya kuta, matumbo yakatazama mbinguni. "Haya, wajukuu zetu watazaliwa ndani ya mtumbwi," wakasema.

Yunisi hakucheka. Alikuwa kibarua wa kukandika kuta, na kicheko kilimhama tangu mumewe, Eliakimu, aingie ziwani asirudi. Mtumbwi haukuonekana, mwili haukuonekana. Basi Yunisi akashikilia kwamba mumewe kavuka ziwa, yuko Kalemie ng'ambo, iko siku atatokea. Matanga akayakataa katakata. Wema, wifi yake aliyekuwa akikandika naye, alishachoka.

"Kaka yangu amekufa, wifi. Tumlilie, tupumzike."

"Mlilie wewe. Mimi mume wangu yu hai."

Mvua ya kwanza ikashuka, paa likavuja. Oswald akamwendea Yunisi, maana mke wa mvuvi kazi hiyo anaijua.

"Dada, panda unitolee kalafati mbovu, tuzibe upya."

Kalafati ni ile pamba iliyolowekwa mawese, inayoshindiliwa kati ya mbao maji yasipenye. Yunisi akapanda ngazi, patasi mkononi. Mtumbwi wa kwanza, pamba imeoza. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, patasi ikagota. Akachokoa, akavuta kwa nguvu, kikatoka kitambaa.

Kilikuwa cheusi kwa mawese, lakini pindoni rangi ya kijani ilibaki, na nusu ya ua la njano. Akakitambua. Siku ile yeye na Eliakimu walipokuwa wakiuziba mtumbwi wao, pamba iliwaishia, akachana khanga yake mwenyewe. Mumewe akamtania, "Kumbe hata ziwani unataka kunifunga na khanga yako!"

"Oswald," akaita. "Huu uliutoa wapi?"

"Mwamgongo, dada. Niliukuta umepinduka kwenye mawe. Wenyeji walisema ulitupwa hapo na mawimbi, hauna mwenyewe." Kisha akamwona alivyokishika kile kitambaa, naye akaelewa. "Mama yangu wee! Shuka, dada. Nitautoa leo hii."

Hakushuka. Alipapasa mbao kwa kiganja. Kwingine kote kulilowa; pale alipoziba yeye palikuwa pakavu. Laiti angekuta pameachia, angejilaumu, angepata pa kuiweka hasira yake. Hakupata. Akalia palepale juu ya ngazi bila kujificha, na mafundi wote wakaacha kazi.

Alipoweza kupumua, akakirudisha kitambaa mahali pake, akakishindilia kwa patasi mpaka kikazama.

"Usiutoe," akamwambia Oswald. "Wanawake wa watu watalala hapa, wasinyeshewe."

Kisha akamgeukia wifi yake, aliyesimama chini na udongo mikononi.

"Wema, nenda nyumbani ukatandike mikeka uani. Waite watu. Kaka yako amekufa."