Mzee wa Oveni

"Mzee vipi huko?" baba aliuliza kutoka chumbani.

"Mzee anaendelea vizuri," nikamjibu, nikafungua mlango wa oveni kidogo nimchungulie. Joto likanipiga usoni. Mzee alikuwa ametulia kwenye trei lake, mifupa chini, mafuta juu, ameanza kupata rangi pembeni na kunung'unika polepole.

Mgeni angesikia mazungumzo yale angetimua mbio. Lakini kwetu Mzee ni nyama. Ni kile kipande kikubwa cha mbavu za ng'ombe, na mifupa yake, ambacho baba alikuwa akikioka nyumbani siku kubwa tu: mtu kafaulu mtihani, mtu kapata kazi, mtu kaoa. Kuku tulikula siku yoyote ile. Mzee hakuja bila sababu.

Jina alipewa na kaka yangu, tena kwa kudanganyika. Nilikuwa mdogo, meza yenyewe siifikii. Mama alitoka buchani na nyama imefungwa kwenye kitambaa, mikono imemchoka, akaibwaga kwenye kiti cha kwanza alichokiona, na kiti chenyewe kilikuwa cha baba. Mapazia yalikuwa yamefungwa kuzuia jua. Kaka akaingia mbio kutoka nje, macho bado yamejaa mwanga, akaona kitu kimejikunyata kwenye kiti kile.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Baba alikuwa nyuma yake, koridoni. Akaitikia kwa sauti nzito ya kaburini, "Marahabaa." Kaka alipiga ukelele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mti wa ufagio.

Tangu siku hiyo nyama ikawa Mzee, na Mzee akawa na taratibu zake. Lazima alale na chumvi kwenye friji usiku kucha, bila kufunikwa, ili uso ukauke. Anaanza na moto mkali, kisha moto mdogo wa kumbembeleza. Hachomwi kisu kuangaliwa ndani. Baba alikuwa na sindano ndefu ya kufumia sweta, aliyomnyang'anya mama. Anaizamisha katikati ya nyama, anasubiri, anaichomoa na kuigusisha mdomo wa chini. Ikiwa baridi, bado. Ikiwa vuguvugu, mtoe. Ikiwa inaunguza, "mmeshamuua," na hapo hasemi na mtu mpaka kesho yake.

Akishatolewa hakatwi. Anafunikwa, anaachwa mezani ili maji yake yarudi ndani. "Mzee anapumzika," baba anatangaza, na nyumba nzima inanyata. Kuyamaliza mapumziko hayo ilikuwa kazi ya mama, na mama peke yake. Anakuja, anaweka kiganja juu ya kifuniko kama anayempima mtoto homa, halafu anasema, "Mzee amepumzika." Basi hapo ni vurugu mechi, sahani zinagongana, mimi na kaka tunasukumana, baba anashika kisu na kutuita fisi.

Kaka akakua, akaenda kufanya kazi mbali, akaoa huko. Hakutuambia. Kwa nini, mpaka leo sijaelewa vizuri. Nadhani aliona aibu kwamba hakuwa na kitu, na aibu ikikaa inageuka kiburi. Baba alikuwa fundi wa lifti. Habari zilimkuta ndani ya shimo la lifti, amejifunga kamba kiunoni, mwenzake akimpigia kelele kutoka juu, "Hongera, mzee, kumbe umepata mkwe!" Alimaliza kazi, akakusanya vyombo vyake, akaja nyumbani, akakaa.

"Kama ameoa bila Mzee," alisema, "basi hana mzee."

Tulidhani anatania, maana maneno yenyewe yalikaa kiutani. Hakuwa anatania. Mwaka ukapita, mingine ikafuata. Kaka akipiga simu anapokea mama, na baba anaongeza sauti ya redio. Nilikuwa nakasirika mpaka naona giza. Watu wazima wawili, kichwa kimoja kigumu wanagawana!

Halafu baba akaanza kuchoka. "Daktari kasema nina moyo mkubwa," alitutangazia siku moja alipotoka hospitali. "Mama yenu anabisha." Mimi nilicheka. Mama hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa ameingia naye kwa daktari na aliyasikia mengine. Miguu ikavimba. Usiku akawa analala amekaa, mito imepangwa nyuma, na pumzi zake zinasikika mpaka jikoni.

Asubuhi moja akamwambia mama, "Mpigie mwanao. Mwambie Jumapili. Mwambie Mzee anamngoja."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia kaka kwenye simu akiuliza, "Mzee yupi?"

"Wote wawili," mama akasema.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Baba alitaka kumfanyia mwanawe ile sherehe ambayo haikufanyika, amkatie pande la kwanza kwa mkono wake, yaishe. Na mimi nilitaka kitu hicho hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote: wakae meza moja, hata kama ni mara moja tu.

Jumamosi tulimketisha baba jikoni amtie Mzee chumvi. Sasa, chumvi ilikuwa vita vya ndoa yao. Maisha yangu yote nimemsikia mama akisema, "Unatia chumvi au unasakafia?" na baba akimjibu, "Nimemwoa huyu mwanamke au yeye ndiye kanioa?" Siku hiyo mkono haukumtii. Chumvi ikamwagika upande mmoja, rundo zima, nyingine ikaanguka mapajani mwake. Nikamtazama mama, nikangoja. Mama alichukua kitambaa, akapangusa meza, akampangusa na mapaja. Hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili baba aliniita kitandani, akanipa sindano.

"Leo ni wewe."

"Baba, mimi hata chai huniungulia."

"Ndiyo maana nitakuwa nauliza."

Na kweli aliuliza. Mzee vipi huko? Anaendelea vizuri. Amepata rangi? Amepata. Punguza moto. Nimepunguza. Sauti yake ilipita koridoni ikafika jikoni, na kila ilipokuja ilikuwa imepungua kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Mwanzo nilikuwa najibu huku nakata vitunguu. Baadaye niliacha vitunguu nikasimama mlangoni, ili sauti yake isinipite.

Harufu ilijaa nyumba. Ile harufu kwangu ilikuwa furaha tupu tangu utotoni, na siku ile nilifungua dirisha itoke. Kaka akapiga simu: lori limepinduka njiani, barabara imefungwa, magari yamesimama tu. Alikuwa anakuja peke yake. Mkewe alimwambia atangulie apime upepo. Nikaenda chumbani kumwambia baba. Alikuwa amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi, vifungo mpaka juu, na shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Atachelewa kidogo," nikasema.

"Asikimbize gari." Akavuta pumzi, akaingoja ifike. "Na wewe usiongeze moto. Mzee haharakishwi."

Mama akaingia kukaa naye, akaurudisha mlango. Hakuufunga, aliuegemeza tu. Nikarudi jikoni nikasimama mbele ya oveni kama mlinzi. "Mzee vipi?" ikaja mara moja zaidi, nusu yake, ile "huko" haikufika. Nikajibu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Kisha ukapita muda mrefu hakuna aliyeuliza kitu.

Nikazamisha sindano. Nikasubiri. Nikaigusisha mdomoni, na nakuapia, ilikuwa vuguvugu barabara, kama maji ya kumwogesha mtoto. Nilipiga kelele kwa furaha.

"Baba! Vuguvugu!"

Kimya.

"Baba, nimtoe?"

"Mtoe, mwanangu," akajibu mama.

Nilimtoa. Nikamweka mezani, nikamfunika. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake na mimi sipo. Na kwa kuwa ilikuwa lazima mtu atangaze, nikatangaza mwenyewe kuelekea koridoni, "Mzee anapumzika." Hakuna aliyeitikia. Nikajiambia amesinzia. Nilijiambia hivyo mara nyingi, nikipanga sahani, nikizipangua, nikizipanga tena.

Ndipo nikasikia miguu kwenye ngazi. Kaka alipanda mbili mbili kama zamani, akaingia bila kubisha, jasho linamtoka, shati limemganda mgongoni. Tukakumbatiana. Alinuka petroli na safari.

"Umeota kitambi," nikamwambia.

"Na wewe umeota ulimi." Akanusa. "Lo! Ni yeye. Ni yeye mwenyewe kabisa." Akacheka, machozi yakamlengalenga. "Baba yuko wapi?"

"Chumbani. Mama yuko naye."

Akapiga hatua kuelekea koridoni, akasimama, akarudi. Akajipangusa uso kwa mkono. "Ngoja kwanza nipate pumzi. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, sasa yote yamenitoka." Akavuta kiti akakaa, akaupa mgongo mlango wa chumbani, akawa anakitazama kile kilichofunikwa mezani. "Amenisamehe, au kaniita anipasulie?"

"Kakuita ule."

"Basi kanisamehe."

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mama akatoka, akaufunga nyuma yake, safari hii mpaka kitasa kikalia. Akaja polepole akishika ukuta. Akasimama nyuma ya kaka, mikono imening'inia.

"Mzee amepumzika," akasema.

Kaka akapiga meza kwa viganja vyote viwili. "Haya! Sahani! Sahani zije!" Akainuka, akamfunua Mzee, akashika kisu. Nilitaka kusema kitu. Mimi nilikuwa nimemwelekea mama, kaka alikuwa amempa mgongo. Mimi nilikuwa nimeona kwamba mama hakuugusa hata ule mfuniko. Mama alikuwa akimwita mumewe Mzee mbele ya majirani, mbele ya mafundi wenzake, mbele yetu, miaka yote ya ndoa. Hakuwa na jina lingine la kumwitia, wala neno lingine la kusema jambo lile kwa heshima. Akatumia aliyokuwa nayo.

Kisu kikaingia. Nyama ilikuwa ya waridi kutoka mwanzo hadi mwisho, laini, haijapungukiwa kitu, na upande ule wa chumvi nyingi ulikuwa umeshika ukoko mweusi unaong'aa.

"Hili la pembeni ni la baba," kaka akasema. "Nampelekea mwenyewe. Nitaingia nalo hivi hivi, nisiseme kitu. Atajua." Akaliweka kwenye sahani, akageuka, na ndipo alipomwona mama usoni.

"Mwanangu," mama akasema. "Mzee amepumzika."

Kaka alisimama na ile sahani. Mchuzi ulitiririka mpaka ukingoni, ukaanza kumdondokea mkononi, asisikie. Aliniangalia mimi. Akaangalia mlango uliofungwa.

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Mama. Alijua kwamba nimefika?"

Mimi nilikuwa jikoni mle muda wote. Nilijua chumba kile kimenyamaza tangu lini. Kilikuwa kimya wakati sindano imo mdomoni mwangu, na wakati huo hakukuwa na mguu wa mtu kwenye ngazi. Mama akanitupia jicho, mara moja tu, na mimi nikageukia oveni nikaizima, ingawa nilikuwa nimeshaizima.

"Alisikia mtu anapanda ngazi mbili mbili," mama akamwambia. "Akaniuliza, ni yeye? Nikamwambia ndiye. Akasema, mwambie avue viatu, asinichafulie nyumba."

Kaka akaitazama miguu yake. Viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi la barabara, na vumbi lenyewe lilikuwa limemfuata kutoka mlangoni mpaka mezani. Akaiweka sahani chini. Akaketi sakafuni pale pale kando ya meza, mtu mzima na kitambi chake, akaanza kuhangaika na kamba za viatu. Vidole vilikuwa na mafuta, vikateleza, fundo likazidi kukaza.

Mama akapiga magoti, akamfungulia.