Asilimia Sitini na Nane

Mzee Mizani hakuwa na kompyuta, wala meza ya kuiweka kama angeipata. Hakuwa na meno mawili ya mbele, na kwa sababu hiyo alitabasamu midomo ikiwa imefungwa, kama mtu anayetunza siri ya jirani. Hakuwa na mke. Alimzika miaka sita iliyopita. Hakuwa na cheti hata kimoja kilichopatikana mchana, maana elimu yake yote aliichuma shule ya jioni, baada ya kazi, tumbo likinguruma. Darasani hakuwa na mwenzake wa kukumbushana naye mambo ya zamani, kwa kuwa wanafunzi wenzake wengi walizaliwa yeye akiwa tayari na mvi. Na hakuwa na subira hata kidogo kwa mtu anayesema "takriban".

Alichokuwa nacho ni jina. Jina hilo alilipata sokoni, si kwa wazazi. Kwa miaka arobaini alifanya kazi ofisi ya vipimo, akizunguka na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, duka hadi duka, akikagua mizani za watu. Nzima aliipiga chapa, mbovu aliifungia. Wauzaji walipomwona kwa mbali walinong'onezana, "Mizani huyo," na vidole gumba vikaondoka vyenyewe kwenye sahani. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kusema kwamba Mzee Mizani alichukua cha mtu.

Alipostaafu alikaa nyumbani mwaka mmoja, akamchosha binti yake. Binti huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa sebuleni. Baba mtu alikuwa akisimama nyuma yake akihesabu mishono. Siku moja binti akaona tangazo la chuo kikuu kinachopokea watu wazima, masomo Jumamosi, kazi zote zikitumwa kwa mtandao. Akamjazia fomu kabla hajamaliza kubisha.

Swali la insha ya kwanza lilikuwa hili: ni nini hujenga uaminifu kati ya muuzaji na mnunuzi? Mzee alicheka peke yake. Wamemuuliza mpishi habari za moto. Alikwenda maktaba ya chuo, akaazima kitabu kikubwa cha somo hilo, akakisoma chote mara mbili, akakirudisha siku iliyopangwa. Ndipo akakaa mbele ya kompyuta ya binti yake, vidole viwili tu kazini, siku tisa mfululizo.

"Baba, kuku akidonoa mtama anamaliza kabla yako," binti alimwambia huku akipindisha ukosi.

"Kuku hana aya," alijibu mzee.

Siku ya kumi binti akamwonyesha pa kubonyeza, insha ikaenda. Mzee aliuliza imepokelewa na nani. Akaambiwa mtandao umeipokea. Akauliza mtandao anakaa chumba namba ngapi, na binti akacheka mpaka sindano ikamchoma.

Siku tatu baadaye ukaja ujumbe wa kumwita ofisini kwa mwalimu wa somo. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, mdogo kuliko kitinda mimba wa mzee, naye alisimama kumwamkia, akamvutia kiti mwenyewe. Mzee aliona adabu hiyo, akajua habari si njema. Mtu hubembelezwa kabla ya sindano.

Mwalimu alimgeuzia kioo cha kompyuta. Nyingi kati ya kurasa zake kumi na moja zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, mistari kwa mistari, kama nguo iliyomwagikiwa. Alimweleza taratibu kwamba kila kazi inayotumwa hupitia mashine ya kukagua uhalisi. Mashine hiyo huilinganisha na vitabu na maandishi mengine yote yaliyo ndani yake, kisha hutoa hesabu ya yaliyofanana. Ikizidi thelathini kwa mia, kazi huenda mbele ya kamati. Yake ilikuwa sitini na nane.

"Mashine haisemi mtu ameiba," mwalimu alisema. "Inasema tu imefanana."

"Lakini kamati ndiyo itakayosema."

"Ndiyo, mzee wangu. Ndiyo itakayosema."

Akamfafanulia mengine. Alikuwa na siku saba za kuandika maelezo na kuyatia saini. Kamati ikiona amenakili kwa makusudi, atafutwa, na jina lake litaandikwa kwenye daftari la walioiba maandishi. Akikiri mwenyewe, huenda akasimamishwa mwaka mmoja. Na kama mashine ilikosea, aeleze. Ilishawahi kutokea, na kamati iliwahi kumrudisha mtu. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, akimtazama mzee usoni, kama anayemsukumia kikombe cha maji.

Mzee Mizani alirudi nyumbani kwa miguu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alipokuwa akiandika, kitabu hakikuwamo nyumbani. Alikuwa amekirudisha wiki mbili kabla, na karani wa maktaba alikuwa na saini yake. Mtu ananakilije kitabu asichokuwa nacho?

Swali hilohilo alimpelekea rafiki yake wa ofisi ya zamani. Huyu aliitwa Wastani, kwa kuwa enzi za kazi kila alipoulizwa uzito wa kitu alijibu, "Wastani tu, bwana." Walikuwa watani wa miaka mingi. Wastani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine.

"Sasa wewe unahangaika nini?" alisema. "Mji huu wote nani alifunga mizani mbovu? Wewe. Andika kwamba kwa uzoefu wako mashine yao ni mbovu. Nani atakubishia? Wale watoto?"

"Siijui mashine yenyewe."

"Wao wanaijua? Mzee mwenzangu, umeishi na kipimo miaka arobaini. Mara moja tu, kipimo kikuangalie na wewe."

Maneno hayo yalimwingia, tusifiche. Jioni hiyo alichukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala upande: *Kwa uzoefu wangu wa miaka arobaini katika vipimo, nathibitisha kuwa mashine ya chuo ni*. Hapo kalamu ikasimama. Neno lililobaki lilikuwa moja tu, na fupi. Lakini katika miaka arobaini hakuwahi kuiita mizani mbovu kabla ya kuiwekea jiwe. Hata ile ya muuza sukari mwenye matusi, aliyejulikana soko zima, aliiwekea jiwe kwanza. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Asubuhi alikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha chuo. Msimamizi wake alikuwa dada mnene mwenye sauti kavu, aliyezoea kuulizwa mambo ya kipuuzi tangu mlango ufunguliwe. Mzee alimuuliza kama mashine ya uhalisi inaweza kupimwa.

"Mashine ndiyo inayopima, mzee."

"Najua. Na yenyewe inapimwa na nani?"

Dada alimtazama kidogo, halafu akamvutia kiti. Palikuwa na sehemu ya majaribio, alisema, ambapo mwanafunzi huweza kuweka maandishi aone yatakavyosomwa, na mashine haiyahifadhi. Wengi hawaitumii kwa sababu hawajui ipo, au wanajua na wanaogopa.

Basi mzee akatengeneza mawe yake. La kwanza lilikuwa nakala ya barua aliyomwandikia dada yake mwezi uliopita kuhusu paa linalovuja, barua isiyosomwa na mtu mwingine duniani. Hiyo ilipaswa kutoa sifuri. La pili lilikuwa ukurasa mmoja wa kitabu cha somo, alichokiazima tena, akaunakili herufi kwa herufi. Huo ulipaswa kutoa mia. La tatu lilikuwa nusu ya barua na nusu ya kitabu, maneno yakiwa yamehesabiwa mpaka yakalingana. Kuyachapa tu kulimchukua siku mbili, na dada wa kompyuta akawa anampisha kiti kilekile kila alipoingia, akiwafukuza wengine kwa jicho.

Barua ikatoa moja. Kitabu kikatoa tisini na tisa. Nusu kwa nusu ikatoa hamsini.

"Hiyo moja imetoka wapi?" mzee aliuliza kwa ukali, akidhani amepata ufa. "Barua hii ni yangu tupu."

Dada akainama, akatazama. "'Natumai hamjambo nyote huko nyumbani.' Mzee, hiyo dunia nzima inaandika hivyo."

Akarudia kila jaribio mara tatu, kama kanuni ya kazi yake ilivyotaka. Majibu hayakusogea. Mashine ilikuwa nzima. Kama angekuwa kazini angeipiga chapa bila kusita. Aliketi akiitazama, na mkono ulio mfukoni ukaigusa ile karatasi iliyokunjwa.

Sasa hapakubaki pa kukwepa. Akafungua insha yake upande mmoja, kitabu upande wa pili, akapitisha kidole. Mstari wa kwanza mwekundu ulikuwa wa kitabu, mpaka kwenye mkato. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa ameruka neno moja tu. Ukurasa mzima wa saba ulikuwa wa kitabu, na alikumbuka vizuri sana alipouandika, maana siku hiyo alijisifu kwa binti yake kwamba mawazo yanakuja yenyewe.

Alijua yalikokuja. Shule ya jioni walikuwa watu wazima thelathini na kitabu kimoja. Saa ya kufunga ilipofika mwalimu alikifungia kabatini, na aliyekitaka nyumbani ilibidi akibebe kichwani. Kwa hiyo kijana Mizani alijizoeza kusoma ukurasa mara mbili na kuondoka nao. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba yake, na kwa nusu karne alijivunia, kama wengine wanavyojivunia mashamba. Aliposoma kitabu cha chuo mara mbili alikipakia chote vivyo hivyo bila kujua. Na alipokaa kuandika, alidhani anafikiri, kumbe alikuwa anasoma.

Dada wa kompyuta alikuwa amesimama nyuma yake muda, mikono kiunoni. Alinyoosha kidole kwenye sehemu isiyopakwa rangi, aya tatu ndefu zilizojaza ukurasa wa nne hadi wa sita. Humo mzee alikuwa amesimulia habari za yule muuza sukari na donge la nta alilolibandika chini ya sahani, na za mama muuza maharage aliyemwita mwenyewe aje kuikagua mizani yake, kwa hofu kwamba labda anawapunja watu bila kujua.

"Hapa ni patamu," dada alisema. "Haya mekundu kila muhula nayaona. Huyu mama wa maharage ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona."

Mzee alizisoma zile aya tatu polepole, kisha akazisoma tena.

Nyumbani alimweleza binti yake kila kitu, naye akasimamisha cherehani. Kwanza alimtetea: kukumbuka si kuiba. Halafu akamsihi. Kamati ilikuwa tayari kumsikiliza akisema mashine imekosea. Mwalimu mwenyewe alimfungulia mlango. Akikiri, watamsimamisha mwaka.

"Una miaka sabini na mitatu, baba. Mwaka kwako si sawa na mwaka kwao."

"Najua hesabu, mama." Binti huyo alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na mzee alimwita mama siku za mambo mazito.

"Basi andika kwamba ni mbovu. Tatizo liko wapi?"

Mzee aliinama, akaokota nyuzi zilizoanguka sakafuni. "Wote niliowafungia," alisema mwishowe, "unajua walikuwa wakiniambia nini? Kila mmoja. 'Mizani ndiyo mbovu, bwana mkubwa, si mimi.'"

Binti alikigeuza kiti chake, akamtolea baba yake karatasi safi kwenye droo ya vifungo.

Mzee aliandika barua hiyo kesho yake asubuhi, dirisha likiwa wazi. Ilikuwa fupi:

*Kwa Kamati. Mashine yenu nimeikagua kwa vipimo vitatu, kila kimoja mara tatu, na shahidi wangu ni msimamizi wa chumba cha kompyuta. Ni nzima. Sentensi nyekundu katika insha yangu ni za kitabu. Nilipoziandika kitabu hakikuwa mbele yangu. Kilikuwa kichwani, nami nikadhani ni vyangu vyote vilivyomo humo. Lakini mzigo wa mtu ni wa mtu hata ukiubeba kichwani. Nyeupe ni zangu, nazo ni aya tatu. Naomba niruhusiwe kuandika upya kuanzia hizo. Kama ni mwaka mmoja, nitangoja. Kama mtaona nifutwe, naomba daftarini paandikwe pia kwamba nilisema mwenyewe.*

Binti aliisoma amesimama, mara moja tu. Alitaka kuuliza jambo, akaacha, akasema angeweza kuipiga picha ikaenda kwa mtandao dakika hiyohiyo. Mzee akasema iende yenyewe, na wino wake. Akaichana ile karatasi ya mfukoni vipande vinne, akavitia kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Halafu akavaa koti lake la kazi, akatoka.

Posta palikuwa na watu wawili mbele yake. Ilipofika zamu yake akaitoa barua ndani ya bahasha, akaisoma mara ya mwisho pale kaunta, karani akimngoja. Akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akairudisha ndani, akalowesha gundi kwa kidole na kubana kifuniko kutoka kona mpaka kona.

"Ya kawaida au ya rejista?" karani aliuliza.

"Ya rejista."

Karani akaipokea, akaigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa barua zinazoondoka mchana ule.