Samaki wa Baharini, Pasiansi

Mume wa Precious alipohamia kwa mwanamke mwingine, alimwachia tangi la samaki wa baharini lililokuwa linanuka, matumbawe karibu yote yamekufa. Sisi majirani zake hapa Pasiansi, kando ya ziwa, tulisema atalitupa. Yeye akalifufua mwaka mzima, kwa chumvi maalumu ya kuagiza Dar, mpaka matumbawe yakachipua na kila jioni sebule ikajaa watazamaji.

Jumamosi alikwenda msibani Busisi, akamwachia nyumba Bi Sabina, mama mkwe wake, mtu pekee wa upande ule ambaye hakumtupa. Umeme ukakatika kutwa nzima, pampu ya hewa ya tangi ikazima. Aliporudi alitukuta tumejaa sebuleni tunakunywa chai, na tangi tupu.

"Shikamoo mama. Samaki wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Walikuwa wanahema juu juu, nikawaonea huruma. Tumewabeba kwa ndoo mpaka ziwani. Ziwa lote lile, wewe unawabana kwenye kioo!"

"Mama, wale ni wa maji ya chumvi. Ziwani wanakufa."

"Nani kakudanganya? Chumvi yote ile ingewapandisha presha!"

Tukacheka. Precious hakucheka.

"Waliogelea?"

"Weee! Yule wa rangi ya chungwa alilala ubavu kabisa, anabebwa na maji kama bwana mkubwa."

Precious akashika ukingo wa tangi. "Na matumbawe?"

"Yale mawe yako? Yalikuwa na utelezi, mwanangu. Nimeyasugua kwa sabuni, nimeyaanika juani. Yametakata! Hata asante hakuna?"

Sote tulikuwa tunamtazama.

"Asante, mama," akasema, akapokea kikombe.