Jiwe la Yeremia

Asubuhi hiyo Mwamvua alikanda unga wa chapati za kutosha watu wa basi zima, ingawa basi lenyewe hakuna aliyelitegemea. Hoteli ya Mzee Melkizedek ilikuwa kando ya barabara kuu pale Mikumi. Zamani mabasi ya Mbeya yalisimama hapo, abiria wakachimba dawa na kula chapchap huku dereva akiwapigia honi. Siku hizi yanasimama mbele zaidi, kwenye hoteli mpya yenye vyoo vya vigae. Mwamvua alikanda tu. Alipoinua mikono kukung'uta unga, miguu yake iliachia sakafu. Akashika ukingo wa meza, akajishusha, akaongeza jiwe dogo kwenye mfuko wa aproni. Kisha akawasha jiko.

Habari hii ya wepesi ilianza baada ya mkutano. Biashara ilipokufa, Mzee Melkizedek aliwaita wafanyakazi wote akawaambia kwake hafukuzwi mtu. "Sisi ni familia moja," alisema. "Mtakula hapa, sabuni mtapata, na mishahara tutaangalia mambo yakikaa sawa." Watu walipiga makofi, wengine walilia kwa shukrani, maana hoteli za jirani zilikuwa zimeshapunguza watu. Jumapili alitajwa kwa jina kanisani.

Mambo hayakukaa sawa. Masika yalipokwisha, mhudumu mmoja alionekana akifuta feni ya dari bila kupanda kiti, na kuanzia hapo ikawa hivyo kwa wote. Wepesi uliwazidi wale waliofungasha chakula chao kuwapelekea watoto nyumbani. Mzee alihuzunika, tena kwa dhati. Alimwomba dereva wa lori la miwa la Kidodi amletee mawe ya mtoni, akamleta fundi cherehani kushona mifuko mikubwa kwenye sare, na kila mtu akapewa jiwe lenye jina lake kwa rangi ya mafuta. Maofisa walikuja kutoka Kilosa, wakapiga picha, wakasema huyu ndiye mwajiri wa mfano. Yeye mwenyewe hakuhitaji jiwe. Kiti chake kililia kila alipokaa.

Na kuacha kazi, nani angeacha? Ukiondoka mwenyewe, mishahara ya nyuma na kiinua mgongo vyote umevisamehe. Basi kazi yao ikawa moja tu, kubaki chini mpaka walipwe.

Mlinzi wa geti aliitwa Yeremia, mtu wa milima ya Malolo, na alikuwa mtani wa Mwamvua kwa ule utani wa makabila, wa kurithi. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Miaka yote Mwamvua alimwibia kofia, naye Yeremia akamnyang'anya chapati ya juu kabisa, akisema watu wa Zombo kama yeye hawapiki, wanaunguza. Siku hizi Yeremia ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Kila sahani yake ilikwenda kwa mkewe, Costancia, na watoto, na jioni alirudi kwao akiwa amejifunga kwenye baiskeli kwa mpira.

Mchana huo mfuniko wa sufuria la maharage ulikuwa unarukaruka kwa mvuke. Yeremia alikuja kunywa maji bombani, akainama. Mwamvua akampitishia mkono mfukoni, akachomoa jiwe, akaliweka juu ya mfuniko. Hakufikiri. Mkono ulikuwa umezoea.

"Nimeliteka, mtani! Lete kuku ulikomboe!"

"Mwizi mkubwa wewe! Kuku utamtafuna kwa meno gani?" Yeremia alicheka, na kile kicheko kikambandua chini.

Akadaka kamba ya kuanikia nguo. Wakacheka wote wawili. Kamba ikakatika. Mwamvua alitupa mwiko akakimbia, mawe yake yakimgonga magoti, akaruka, akashika mguu. Ndala ikabaki mkononi mwake. Yeremia alipita juu ya bati, juu ya kibao cha hoteli, wala hana haraka. Alimtazama kutoka huko.

"Mtani," aliita, "maharage yako yanaungua!"

Ilikuwa kweli, yalikuwa yanaungua.

Kesho yake Costancia alikuja kwa bodaboda. Mwamvua alimpigia magoti pale pale getini, akamweleza yote, akangoja kofi. Alilitamani lile kofi.

"Inuka, dada," Costancia alisema. "Ni utani. Mtani hakasirikiwi."

Hapo ndipo Mwamvua alipoumia. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, na Costancia akampita akaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Poleni sana."

"Mzee, nimekuja kuomba haki za Yeremia, nikawalishe watoto."

Mzee Melkizedek alimweleza polepole, kama baba. Yeremia hajafa, kwa hiyo mirathi hakuna. Hajaacha kazi. Wala hajaachishwa, jina lake bado lipo kwenye zamu, na tangu jana anaonekana angani juu ya barabara akielekea mbugani na kurudi, amevaa sare.

"Basi mwachishe, mzee. Nakuomba. Mfukuze."

"Mwanangu, hapa hatufukuzi mtu."

Alitoa leso akafuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Akakaa akifikiri, kiti kikilia, mwishowe akasema lipo jambo moja analoweza. Geti halina mtu. Costancia angeanza kesho. Atakula hapa, sabuni atapata, na mshahara wataangalia mambo yakikaa sawa.

Costancia alikubali. Watoto walikuwa hawajala tangu jana.

Fundi alimpima mifuko. Lori la Kidodi lilikuwa halijapita, hivyo jiwe jipya halikuwepo. Mwamvua alilitoa jiwe la Yeremia juu ya mfuniko, akalisugua masizi mpaka jina likasomeka, akalitia yeye mwenyewe mfukoni mwa Costancia. Kisha akachukua sindano na uzi, akaushona ule mfuko mdomo, asije mtu akaingiza mkono. Alishona bila kusema neno la utani hata moja, na Costancia alisimama wima kama mtoto anayevalishwa sare ya shule.

Kesho yake saa sita jua lilikuwa kali. Kivuli cha Yeremia kilitokea upande wa mbugani, kikaja taratibu juu ya lami, kikafika getini. Costancia alisogeza kiti chake, akakaa ndani ya kile kivuli, akafumba macho. Kilipopita hakukifuata. Alibaki pale juani, kwa sababu geti ndiyo kazi yake.