Maji ya Jumapili

Kaka yangu alichukuliwa na mto siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, kwenye maporomoko tunayoyaita Jiko kwa sababu maji yake yanachemka bila moto. Boti la mpira lilipinduka na wageni sita. Aliwasukuma mmoja mmoja mpaka kwenye kamba, na alipomfikisha wa sita, akavutwa chini. Jaketi lake la kuelea liliibuka peke yake nusu saa baadaye, limepasuka begani. Mshono haukuachia, kitambaa ndicho kilichopasuka. Nimeukagua mshono huo mara nyingi, maana niliushona mimi. Kwa miaka tisa nimekaa chumba cha nyuma cha kampuni ya boti, mimi na cherehani na uzi wa nailoni, nikitengeneza majaketi.

Mto huu umetulisha muda mrefu. Babu alikuwa mpagazi. Zamani meli za mizigo ziliishia juu ya maporomoko, na wapagazi wakabeba magunia kwa miguu mpaka kwenye meli nyingine iliyosubiri chini. Kaka alipopata kazi ya kuongoza boti, baba alicheka mpaka machozi.

"Baba yangu alilipwa asipite pale. Wewe unalipwa upite. Hao wanaokulipa wana akili timamu?"

"Timamu kabisa, baba. Wakifika chini wanaomba kurudia."

Wenzake walimwita Bata. Kila alipoibuka majini alitikisa kichwa hivyo hivyo, kisha akauliza kama kuna aliyeona kiatu chake.

Jumatano, mwongozaji mkuu, tunayemwita Mzee Kasia kwa wembamba wake, alijaza mchanga kwenye jaketi kuukuu, akalifunga kamba na kuliachia pale kaka alipopotelea. Lilizama, likaingia chini ya mwamba, likanasa. Akavuta, likagoma.

"Yuko hapo," alisema.

Tulichokosa ni muda. Bwawa jipya la umeme lilikuwa limekamilika huko chini, na milango yake ingefungwa Jumatatu. Baada ya hapo maji yangepanda na Jiko lote lingezama. Tulitaka mwili tu, tumzike.

Alhamisi walifika wazamiaji wawili kutoka mjini. Mkubwa wao alisimama juu ya mwamba muda mrefu, mikono kiunoni.

"Tunaweza kuingia leo," alisema. "Kamba mbili, watu wanne wa kuvuta. Sisemi tutampata. Nasema tunaweza kujaribu."

"Na Jumapili je?" niliuliza.

"Jumapili kuna nini?"

Nikamweleza. Jumapili viwanda vinafungwa, umeme unaohitajika ni mdogo, kwa hiyo kituo cha zamani kule juu kinazima mashine mbili kati ya nne na kuachia maji machache. Ikifika saa nne miamba inachungulia, na Jiko linapoa. Ndiyo siku tunayowapeleka watoto na waoga.

"Hata mimi ningeenda Jumapili," mwongozaji mmoja alisema. "Nami si mtoto."

"Basi wewe ni mwoga," mwenzake akamjibu, na hata mzamiaji akatabasamu.

Mzee Kasia alikuna kidevu. "Binti yangu, mtu ni wenu. Mkisema leo, ni leo."

Baba akanigeukia. Habari za mashine hakuzijua. "Wewe ndiye unayejua mambo ya hapa, mama."

"Tusubiri Jumapili," nilisema.

Nimejiambia kwamba sikutaka watu wengine wawili wabaki pale kwa ajili ya mmoja. Ni kweli, lakini si yote. Nilikuwa na uhakika. Kwa miaka tisa Jumapili haikuwahi kunidanganya.

Jumapili tulikuwa mtoni tangu saa moja. Baba alileta shuka jipya, bado liko kwenye nailoni yake. Saa nne ikafika, hakuna jiwe lililojitokeza. Saa tano, maji yakalowesha mahali tulipokuwa tumeketi, tukasogea juu. Saa sita Mzee Kasia akampigia simu mtu wa kituo cha umeme, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Mashine zote nne zinafanya kazi tangu juzi," yule mtu alisema. "Tumeambiwa tuachie maji. Milango ikifungwa kesho, bwawa jipya linatakiwa lijae upesi, kuna wageni wa uzinduzi."

"Mbona hamkutuambia?"

"Hamkuuliza, mzee."

Mzamiaji mkubwa alishuka mpaka ukingoni, akatumbukiza mguu, akaurudisha. Akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Alhamisi yalikuwa chini ya haya." Hakuniambia mimi, ila nilisikia. Wakaanza kukunja kamba.

Njiani baba alinishika mkono kama nilipokuwa mdogo. "Ulifanya kwa nia njema," alisema. Angenitukana ningepata pa kushika.

Jumatatu milango ilifungwa. Sasa pale ni ziwa, limetulia kama maji ya beseni. Wageni wanakuja na familia zao, wanapanda boti za kukanyaga kwa miguu, wanapiga picha. Waongozaji wametawanyika, Mzee Kasia nasikia analinda ghala. Mimi nimebaki. Nashona majaketi madogo ya njano, na kila jioni kabla ya kuondoka nasoma ubao wa kina cha maji pale gatini, kwa sababu mama ataniuliza.

"Juu yake ni kiasi gani leo?"

"Mita kumi na nne."

"Juzi ulisema kumi na mbili."

"Yanapanda, mama."

Kisha ananiambia ninawe mikono, chakula kinapoa.