Mtoto wa Ghezala

Jumatatu jioni, kuskusi ikiwa bado inafuka mvuke, Bouziane alisogeza bakuli pembeni, akatandaza karatasi juu ya meza na kutangaza kama mtu anayetoa amri vitani:

“Jumamosi nyumba nzima inakwenda Shamba la Farasi. Anayepinga aseme sasa, nimalizane naye.”

Nacera, dada yake mdogo, alicheka hadi akapaliwa. “Jeshi limekuharibu, kaka! Hata siku ya kutembea unatupangia foleni?”

“Foleni hasa. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri, gari ameniazima Habib. Saa tatu tuko langoni. Tunamwona mtamba wangu, nampima mgongo kwa uzi. Saa sita tunaingia Tiaret, tunakula, wewe unakwenda kwenye vitambaa vyako, mimi na Baba tunampelekea uzi fundi matandiko. Mtu hashoni tandiko la farasi asiyempima. Kwa hiyo shamba kwanza, mji baadaye. Kuna swali?”

Mama yake, Mebarka, alikuwa akikusanya vijiko ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia. “Mimi shambani sina hamu,” alisema. “Inzi watupu. Tuanze mjini.”

“Mama, mji haukimbii.”

“Na farasi je, anakimbia?”

“Huyo ndiye anayekimbia!” Bouziane akapiga meza kwa kiganja. “Mtoto wa Ghezala asipokimbia, nani atakimbia katika nchi hii?”

Hakuna aliyecheka. Baba yake, Haji Kouider, aliyeongoza kwa miaka ishirini na mbili kikosi cha baruti cha kijiji, wapanda farasi wanaofyatua bunduki kwenye sikukuu, alikuwa akiumega mkate vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja.

“Msimu huu farasi wanazaa,” mzee alisema bila kuinua macho. “Hawapokei wageni. Tuanze mjini, mwanangu. Tukipata nafasi, tutapita.”

Bouziane aliikunja karatasi yake. Hakukasirika. Alijiambia kwamba wazee wana uvivu wao, na kwamba wakishafika na kumwona, wataona haya kwa visingizio vyao.

Kila alichokuwa nacho mbele yake maishani kilisimama juu ya miguu minne ya mnyama yule. Miaka mitatu iliyopita, masika, Ghezala, farasi jike wa baba yake, alizaa kule shambani, na Bouziane alikuwapo. Kichwa cha mtoto, bado kimelowa, kililala juu ya mapaja yake. Alikuwa mwekundu wa damu ya mzee, na nyota nyeupe kwenye paji. Pale pale zizini, juu ya majani makavu, Haji Kouider aliinua mikono akasema, “Huyu ni wako, Bouziane. Ndiye utakayempanda mstari wa mbele.” Akasoma Fatiha, mwanawe akaitikia amina. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Kati ya baba na mwana, anayeomba karatasi amemtukana mwenzake. Ghezala alikufa kwa tumbo majira ya baridi yaliyofuata, na Bouziane akaambiwa kwamba mtoto amebaki kulelewa shambani, wa mwisho wa damu yake.

Yeye hakumwona tena tangu vuli ya mwaka ule. Alikwenda jeshini, kisha akaendesha malori kusini, na kila alipopiga simu aliuliza jambo lile lile, akajibiwa vile vile: yuko salama, anakula, anakua. Hakuomba picha hata siku moja. Kwao, mtoto wa farasi hapigwi picha wala hasifiwi mbele za watu mpaka atimize miaka mitatu na kuwekwa tandiko, kwa kuogopa jicho la husuda. Kijana aliyejua kubishana juu ya kila kitu hakubishana juu ya hili. Alimlinda mnyama wake kwa kutoomba picha.

Jumatano mchana alisimama uani akapiga simu langoni mwa shamba. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu saa za wageni kutoka kwa mwenye ufunguo, aje awafunge mdomo waliomo ndani.

Mlinzi wa lango alikuwa mzee mwenye sauti ya furaha. “Jumamosi? Karibuni! Mpaka saa sita tuko wazi. Wewe ni wa nyumba gani?”

“Ya Haji Kouider. Tunakuja kumwona mtoto wa Ghezala.”

“Yule mwekundu mwenye nyota?” Mzee akacheka. “Mbona umechelewa, mwanangu, huyo alishachukuliwa na wenyewe! Haji Kouider alikuja kwa miguu yake, akampokonya mchungaji hatamu, akamkabidhi mzee Si Larbi hapa hapa langoni. Wakasoma Fatiha. Mimi nilikula tende zao, na nilimwona Haji akilia, lakini usimwambie kwamba nimesema.”

“Lini?”

“Aa, ni zamani. Mtoto alikuwa ndio kwanza ameacha ziwa. Vuli ile, baada ya sikukuu ya walii. Hamkuambiana nyumbani?”

Bouziane alimshukuru. Alikumbuka hata kumwombea afya. Kisha alisimama pale na simu mkononi, akawasikia mama yake na Nacera jikoni wakibishana iwapo vitonge vya tende vitatosha kwa safari ya Jumamosi.

Si Larbi. Yaani Bwana Larbi, kwa heshima ya kwao, na jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Sikukuu ile ya vuli, farasi tisa walikuwa wamejipanga, bunduki tisa zimeshiba baruti tupu, na kazi ya wapandaji wote ilikuwa moja: kukimbia kama ukuta, na mkuu akipiga ukelele, bunduki zielekee juu na zilie kama bunduki moja. Bouziane hakungoja ukelele. Alitaka mlio wake usikike. Bunduki yake ililia kabla ya wenzake, mdomo wake ukiwa bado haujainuka, na moto wa baruti ukampata usoni Lazreg, mwana wa Si Larbi, aliyekuwa ubavuni kwake. Jicho la kushoto lilikwenda. Wazee walikutana, kondoo walichinjwa, watu walibusiana vichwa. Wiki hiyo hiyo Bouziane aliondoka kwenda jeshini akiwa ameambiwa na baba yake maneno matatu: “Wamesamehe bila malipo.” Maneno hayo aliyabeba miaka miwili na nusu kama nishani. Alijiona mtu ambaye hata waliomchukia hawakuthubutu kumdai.

Akaingia ndani. Haji Kouider alikuwa amekaa juu ya godoro karibu na dirisha, akivuta tasbihi.

“Baba, ulikwenda lini shambani?”

Tasbihi ikasimama. Mzee hakujaribu kusema uongo mwingine, na hilo lilimuuma Bouziane zaidi, maana liliondoa tumaini kwamba mlinzi alikosea.

“Jicho la mtoto wa watu, Bouziane,” alisema. “Ulidhani linazibwa kwa kuskusi?”

“Alikuwa wangu.”

“Alikuwa wako.”

“Uliinua mikono. Ukasoma. Nikaitikia amina. Kisha ukainua mikono ile ile ukamsomea mtu mwingine!”

“Wangekuja usiku ule na bunduki zilizojaa risasi, si baruti tupu. Nilikuwa na nini kingine cha thamani ya jicho?”

“Ungeniuliza!”

“Ungekataa.”

“Basi ungeniuliza nikakataa!” Sauti yake iliwatoa wanawake jikoni. “Kukataa kungekuwa kwangu. Kukubali kungekuwa kwangu. Hukuniachia hata kimoja!”

Mebarka alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. “Mwanangu, tulisema utarudi umeshasahau. Kijana akitoka jeshini huwaza kuoa, hawazi farasi.”

“Tulisema? Nyinyi nani?” Akamgeukia Nacera. “Na wewe ulijua?”

Nacera aliangalia sakafu. “Kijiji kizima kinajua, kaka. Hata Habib.”

“Habib aliyeniazima gari?”

“Alisema ukifika utajua mwenyewe, si yeye wa kukuambia.”

“Na Jumatatu nilipokuwa naandika saa za kutoka, mlinitazama tu. Mlicheka.”

“Ulikuwa na furaha,” dada yake alisema, machozi yakimshuka. “Nani angeanza?”

Bouziane alimsogelea baba yake. “Unajua desturi kuliko mimi. Kilichosomewa Fatiha hakitolewi na mtu mwingine bila neno la mwenyewe. Nikifika kwa Si Larbi nikasema, ‘Sikuulizwa,’ atamrudisha siku hiyo hiyo, na atamrudisha kwa hasira, mbele za watu. Hakuna atakayekupa tena mkono sokoni.”

“Najua,” Haji Kouider alisema. “Nenda ukaseme.”

Jumamosi alfajiri walikuwa uani wote watatu, wamevaa, kikapu cha chakula kimefungwa kitambaa, kana kwamba safari bado ilikuwa safari. Bouziane alipita katikati yao bila salamu, akaingia kwenye gari, akawaacha wamesimama. Hakushika njia ya shamba wala ya mjini. Alikata kulia, kwenye barabara ya vumbi inayopita kati ya mashamba ya ngano hadi kwa Si Larbi, na njia nzima alikuwa na sentensi moja tu kinywani. Sikuulizwa, sikuulizwa. Aliisema kwa sauti, aone inavyokaa. Ilikaa vizuri.

Aliposhuka garini alimsikia mtamba kabla ya kumwona. Kwato zilipiga ardhi ngumu nyuma ya ukuta, nyepesi, za mnyama asiyejua bado uzito wake. Kisha akatokea: mwekundu, shingo imejipinda, nyota nyeupe juu ya paji, mkia umeinuka kama wa mama yake. Juu yake alikaa Lazreg, bila tandiko, kitambaa cheusi kimefunika jicho la kushoto.

“Nani huyo?” Lazreg aligeuza uso mzima ili amwone vizuri. “Bouziane! Wallahi! Wamekukausha huko jeshini, au walikuwa wanakulisha mchanga?”

“Mchanga,” Bouziane alisema.

Lazreg aliruka chini, akamjia na hatamu mkononi, wakasalimiana bega kwa bega. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na madoa ya buluu, baruti iliyozama chini ya ngozi na kubaki. Bouziane hakujua pa kuweka macho, akayaweka kwa mtamba. Alinyoosha mkono. Mnyama alirudi nyuma hatua mbili, akajificha ubavuni kwa Lazreg.

“Hapendi wageni,” Lazreg alisema. “Mpe muda.”

“Mgeni,” Bouziane alirudia.

“Nimekungoja urudi, unajua? Kuna jambo nilitaka kukuambia ana kwa ana.” Lazreg alizungusha hatamu kwenye kiganja. “Baada ya ile siku nililala gizani, usiku na mchana. Niliapa nitakuua. Si maneno ya hasira, ndugu yangu, nilishapanga mahali. Baba alinisihi, wazee walinisihi, mimi hapana. Mpaka Haji Kouider alipokuja akakaa karibu na kitanda changu, akaniambia: ‘Mwanangu amenituma. Amesema, mpeni kile ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu nimemwondolea anachokipenda.’ Nikamwambia arudie. Akarudia. Nililia kwa jicho moja. Nikasema basi, yameisha. Mtu aliyesema hivyo siwezi kumuua.”

Bouziane hakuwahi kusema maneno yale. Wiki ile alikuwa kwenye basi la kwenda kambini, akiwasimulia wenzake jinsi bunduki yake ilivyosikika kuliko zote. Baba yake hakuishia kumchukua farasi wake. Alikuwa amemtengeneza Bouziane mwingine, mwungwana kumpita, akamtia maneno kinywani, akamtembeza katika nyumba za watu.

“Ila nikuambie ukweli,” Lazreg akaongeza, akicheka kwa haya, “kuna siku huwa najiuliza. Bouziane ninayemjua mimi, yule asiyetaka hata kumpisha mtu njiani, aseme maneno kama yale? Niambie mwenyewe. Uliyasema?”

Sentensi ilikuwa tayari. Ilikuwa fupi na ya kweli, na ikitoka tu, hatamu ile ingehamia mkononi mwake kabla ya adhuhuri. Mtamba alikuwa amelaza kidevu begani kwa Lazreg, upande wa jicho lisiloona, kama mtu anayemlinda mwenzake pasipo kuombwa.

“Niliyasema,” Bouziane alijibu.

Yalimtoka makavu, kama kitu cha kuazima. Lazreg alimkumbatia. Alimkaribisha kahawa, akamwambia ampande mtamba hata mzunguko mmoja. Bouziane alikataa vyote, akarudi kwenye gari, na hakugeuka, ingawa kwato zilianza tena nyuma ya ukuta na zilimfuata mbali.

Alifika nyumbani jua likiwa kichwani. Haji Kouider alikuwa ameketi kwenye kizingiti, bado amevaa joho lake jeupe la safari. Aliinuka kwa taabu.

“Umemwambia nini Si Larbi? Ameamua nini?”

Kila alipoingia nyumbani tangu utotoni, Bouziane alikuwa akibusu kichwa cha baba yake. Safari hii alimpita. Alivua viatu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

“Bouziane!” mzee aliita. “Anakuja kumrudisha? Niambie tu nijue, mwanangu. Wanakuja?”

Hakujibiwa. Mebarka alimletea mumewe maji, Nacera akamwambia aingie ndani, jua kali. Haji Kouider alikataa. Alikaa tena kwenye kizingiti, akageuza uso kuelekea barabara ya vumbi, na kila wingu la vumbi lililoinuka kule mbali lilimfanya asimame na kunyoosha joho lake. Bouziane alimsikia akisimama na kukaa, akisimama na kukaa, mchana wote, na hakufungua mlango.