Vipande Sita vya Asubuhi

Alhamisi ile shemeji yangu alitoka na hakurudi. Kikombe chake cha chai kilibaki dirishani kwa dada yangu, mkewe, kimefunikwa kisosi, maana alisema angekuja kukimalizia mchana.

Alikuwa fundi wa mbao zinazoshikilia zege hadi likauke. Yeye ndiye aliyesimamisha nguzo za muda zilizoshikilia sakafu mpya ya ghorofa, na yeye ndiye aliyepaswa kuzitoa. Mimi nilikuwa karani wa ubora pale pale. Kazi yangu ilikuwa kujaza zege kwenye kalibu ndogo za chuma. Likikauka, vipande vinapelekwa maabara kupondwa. Vikivumilia, nasaini, nguzo zinatolewa.

Utaratibu ulitaka vipande viwili asubuhi, viwili adhuhuri, viwili jioni. Siku ya kumwaga zege la sakafu, wiki mbili kabla ya Alhamisi ile, nilijaza vyote sita asubuhi, kutoka mchanganyiko wa kwanza, nyapara akiwa bado amesimama na kila mtu anapima maji kwa adabu. Jua lilikuwa kali. Nilitaka kivuli.

Shemeji aliniona.

"Shemeji, wewe unaonja mchuzi kabla haujaongezwa maji."

"Gonga misumari yako."

"Nagonga. Ila chini yake nitasimama mimi."

Tukacheka. Alasiri vibarua walichoka, wakazidisha maji ili zege liteleze. Sikuwepo kuona. Daftarini niliandika asubuhi, adhuhuri, jioni, kwa mwandiko mzuri.

Maabara ikasema vipande ni imara. Nikasaini. Alhamisi ile, shemeji alipotoa nguzo ya nne, kona iliyomwagwa jioni ilishuka juu yake.

Msibani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Nami niliitikia. Wakaguzi waliandika kuwa maji yalizidi. Daftari langu hawakulitilia shaka. Nilikaa na jambo hilo miezi miwili, kisha nikaenda kwa dada.

"Dada, vipande vyote vilikuwa vya asubuhi."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha.

"Yeye alijua?"

"Aliniona. Alinitania."

"Na bado akaenda kutoa nguzo."

"Nilikuwa nimesaini, dada."

Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi usiniambie mimi peke yangu. Nenda kawaambie na wakaguzi."

Nilikwenda. Siku hizi vipande huchukuliwa na watu wawili, na saa kilipochukuliwa huandikwa juu ya kila kimoja zege likiwa bado bichi. Mimi naosha kalibu. Anayesaini ni mwingine.